Karani wa Ndani

"Miaka kumi na tisa," Tryphena alisoma kwenye kioo cha kompyuta, "mwezi wa kwanza wa dawa."

Bibi kizee aliyesimama nje ya dirisha alicheka mpaka akakohoa. Aliitwa Wakesho, alikuwa ametoka Mwanda, kijiji cha mlimani, alfajiri kwa lori la mboga, na alikuwa na wajukuu waliopita umri huo. "Huyo si mimi, mwanangu," akasema. "Mimi nimebakisha miezi mitatu."

Tryphena hakucheka. Alilipiga jina tena, herufi moja moja. Akaja msichana yule yule.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa kliniki ya kifua pale Voi. Alianza na daftari la mkono mwaka wa sitini na tano. Zikaja kadi na kabati la chuma, ikaja taipureta ambayo watu walisema itamfukuza kazi, naye akaizoea hata akawa anaipiga huku akipiga soga. Mwaka huu wa themanini na saba imeletwa kompyuta, pamoja na kijana aitwaye Kiilu wa kumfundisha wiki mbili. Daktari hakuzunguka mbuyu: akiiweza kufikia Ijumaa atabaki, asipoiweza atapumzishwa.

Kiilu alimweleza kwamba kompyuta za kwanza zilijaza nyumba nzima na zililishwa kadi zenye matundu, ila hii inakaa mezani kando ya birika. Ikiwashwa asubuhi haijui lolote, hata kusoma haijui. Ndiyo maana unaitia kwanza diski ya sistimu.

"Sistimu ni karani wa ndani, mama," alisema. "Unachoandika anakipokea yeye, anakitafutia mahali, na ukikitaka anakuletea. Wewe mpe kila mgonjwa jina, lisizidi herufi nane."

Tryphena alimpenda karani huyo papo hapo. Kazi yake aliielewa kuliko Kiilu mwenyewe, kama tutasema ukweli. Akawaandika wagonjwa wote mia mbili na wanane kwa majina wanayoitwa nyumbani, akamaliza Jumatano, siku mbili kabla. Kwa majivuno kidogo akampa Josphat wa usafi zile kadi akazichome, maana daktari alitaka kabati litoke.

Leo, Alhamisi, aliiuliza mashine orodha ya majina. Yalikuwa tisini na mawili.

Mlimani mtoto hupewa jina la bibi yake, na bibi naye alipewa la bibi yake. Ndani ya kabati kina Wakesho walikuwa kumi na watatu, na Tryphena aliwatenganisha kwa sura, kwa kijiji, kwa mama zao. Karani wa ndani hakuwajua mama zao. Kila alipoletewa Wakesho mpya alimfuta wa zamani na kumweka huyu mahali pake, bila kuuliza.

Tryphena akakimbia nyuma, kwenye shimo la taka. Alimkuta Josphat akizoa jivu. Josphat alimwambia zilishika moto vizuri sana jana, kadi kavu zile.

Angeweza kunyamaza. Kesho angewasha, angeandika, angehifadhi, vyote bila kukosea mbele ya Kiilu, na kazi ingekuwa yake. Wagonjwa wangeanzishwa dawa upya au wangekatizwa njiani, na lawama zingeiendea mashine. Alilifikiria hilo, tena zaidi ya mara moja. Kisha akarudi akamkuta bibi bado yuko dirishani, amemshikia kalamu aliyoiacha ukingoni isianguke.

Alikwenda kwa daktari, akasimama mlangoni.

"Daktari, nimewapoteza watu mia moja na kumi na sita," alisema. "Ni mimi."

Kiilu, aliyekuwa ameketi pale, alisema taratibu kwamba hakumwonya mama kuhusu jina linalorudiwa. Hakuwaza kama watu kumi na watatu wanaweza kuitwa jina moja. Daktari hakumlaumu yeyote wala hakumsamehe. Alisema wagonjwa waitwe upya, naye ataamua Jumatatu, akishaona ni wangapi wamekuja siku ya kwanza.

Jumapili tangazo likasomwa makanisani na misikitini, kutoka Voi mpaka vijiji vya juu: wagonjwa wa kifua wanaoitwa Wakesho waje Jumatatu, kina Wakio waje Jumanne, na wengine siku zitakazofuata. Kila mtu aje na hesabu ya miezi yake.

Jumatatu Tryphena alifika mapema. Akaitia mashine diski ya sistimu, akangoja iamke na ujinga wake. Kando yake aliweka daftari jipya, amelipiga mistari kwa mkono. Daktari alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Huko uani Tryphena hakusikia sauti hata moja, na aliogopa kutazama nje. Akafungua dirisha, macho yake kwenye daftari, akaita.

"Wakesho."

Benchi la uani likarudi nyuma kwa kishindo, maana wote waliolikalia walisimama pamoja.