Matawi ya Mnyanya Kwenye Kiti cha Heshima

Kabla ya theluji, Okhui alikata matawi ya mnyanya, akayatia kwenye vikombe vya maji dirishani yaote mizizi, yavuke baridi. Mama mkwe wake akabetua midomo.

"Unayagandisha kama unavyonigandisha mimi! Kwenu hamkufunzwa adabu?"

Mama mkwe akayahamishia karibu na jiko, pale moto wa jiko unapopita chini ya sakafu na kuipasha, mahali pa heshima anaposhinda yeye kutwa.

Siku ya kumi yalikuwa yamelegea kama mlenda.

"Mkono wako mbaya," mama mkwe akasonya.

Okhui akatoa kikombe chenye tawi moja alichokificha nyuma ya pazia la dirisha, mizizi tele.

"Pale panamfaa wa kukaa tu, Mama. Hili lilikuwa na kazi."