Albamu ya Baba Mzazi

Nyumbani kwa fundi friji, muziki mgeni ulipita kwanza masikioni mwake. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe, tangu binti yao alipoimba wimbo mchafu mbele ya wakwe, watu wakabaki kutazamana. Lakini siku mkewe alipomletea albamu hii ya roki, roho ilimuuma kama nini! Mwimbaji alikuwa baba mzazi wa yule binti, aliyeingia mitini mtoto hajaota hata jino. Aliyemlea ni fundi.

"Sikiliza, uamue inafaa au haifai," mkewe alimwambia. "Bila chuki, mume wangu."

Bila chuki! Alijifungia karakanani, akavaa hedifoni, akaanza kuwinda tusi. Tusi moja tu, jamani, afunge kesi. Magita yalikwaruza, ngoma zikatwangwa, jamaa akapayuka weee, lakini maneno yote masafi. Hata pombe hakuitaja, mshenzi yule.

Wimbo wa sita ulikuja polepole. Jamaa aliimba jinsi alivyofunga uzi kwenye jino bovu la mwanawe, ncha ya pili kwenye mlango wa friji, akausukuma mlango pu, huku akimtania mtoto asilie.

"Mwongo mkubwa we!" Fundi aliruka kitini. Uzi ule aliufunga yeye. Hata utani ulikuwa wake!

Alimkuta mkewe jikoni, akafoka. "Kumbe mnapigiana simu! Nani kamwambia habari za jino?"

"Mimi," binti alijibu kutoka mlangoni. "Huwa ananipigia. Alitaka kujua nilikuwaje nilipokuwa mdogo, nikamsimulia." Macho yalimng'aa. "Kumbe kaniimba? Baba, inafaa? Tuisikilize sebuleni?"

Mkewe alimkazia macho fundi. Neno "haifai" lilikuwa tayari ulimini. Angelitamka tu, mambo yangekwisha, maana mtoto huyu hakuwahi kumbishia.

"Ina matusi, baba?"

"Haina," fundi alisema. "Inafaa."

Binti alimrukia, akambusu shavuni, akakimbilia sebuleni. Fundi alimfuata, akakaa kwenye kochi, akamtengea nafasi ubavuni pake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu."

"Ngoja kwanza, baba," binti alisema bila kugeuka, akachuchumaa na kubandika sikio kwenye spika.