Kinga ya Meno ya Dada

Dada yangu alivunja gego akila mkate aliouchovya kwenye chai. Aliponipigia simu asubuhi ile alicheka kwanza, ndipo akalalamika.

"Mdogo wangu, mkate umenishinda. Uzee umeshapiga hodi."

Dada ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini amekata uzi kwa meno, na mkasi umening'inia shingoni mwake kwa utepe. Kwa hiyo tulijua wa kulaumiwa ni uzi. Nilimkumbusha mara ngapi nilimkanya, akaniambia nisimwongezee maumivu. Kisha nikamsindikiza kwa daktari, kwa sababu ingawa amenizidi miaka sita, mbele ya koleo la meno hugeuka kitinda mimba.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimulika kinywa, akagongagonga jino moja moja, akabonyeza misuli ya mashavu mpaka dada akakunja uso.

"Mama, huwa unaamka na maumivu ya kichwa?"

"Naamka nayo. Nilidhani ni mto."

Daktari akampa kioo, akamwonyesha meno ya mbele. Ncha zote zilikuwa zimelika, zimelingana kama zilizopigwa randa.

"Uzi hauwezi kufanya hivi, mama. Unasaga meno usingizini. Hakuna aliyewahi kukuambia?"

"Nani aniambie, mwanangu? Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Na tulikaa miaka ishirini na saba, hakuwahi kutamka neno."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nimepakata mkoba wake. Nikainama, nikatazama viatu vyangu.

Ukweli ni kwamba nilijua. Tulilala kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa, nami nikiwa na miaka kumi na mitano. Sauti ya meno yake ilikuwa kama mtu anayekanyaga changarawe polepole. Mama aliniambia faraghani ni minyoo, basi kila likizo tulipewa dawa sote wawili bila dada kuambiwa sababu, nami nikaimeza kwa kosa lisilo langu. Lakini sauti ile haikunikera. Nikizinduka na kuogopa giza, nikiisikia tu najua siko peke yangu, narudi kulala. Alipoondoka, kimya kilininyima usingizi wiki nzima.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Miezi miwili baada ya harusi nilikwenda kwao kusaidia kufua. Dada alikuwa ndani akipiga pasi. Shemeji akachutama karibu na beseni langu, akasema kwa sauti ndogo:

"Shemeji, dada yako usiku anasaga meno."

"Tangu utotoni. Bado hajui?"

"Hajui, na usimwambie. Unamfahamu alivyo mwepesi wa kuona haya. Ataogopa kulala mbele yangu. Mimi nikimpapasa taya hivi, anaacha." Akapitisha mgongo wa mkono wake hewani, taratibu. "Kiganja kina sugu. Kingemwamsha."

Nikaahidi. Nilikuwa na umri wa kuona ahadi kama jambo kubwa, na baadaye nikazoea kunyamaza.

Hata siku ile kwa daktari nilinyamaza. Daktari alitengeneza gego, akasema anahitaji pia kinga, kitu cha kuvaa kwenye meno ya juu wakati wa kulala, ili meno yasigusane. Alishauri itengenezwe kwa vipimo vyake. Dada akaona anaongezewa safari. Akanunua ile ya dukani, ya kulainisha kwa maji ya moto na kung'ata ishike umbo la meno. Akalala nayo siku nne. Ya tano akanipigia.

"Inatoka yenyewe. Asubuhi naikuta begani. Na mate, mdogo wangu, mto umelowa kama wa mtoto mchanga. Nikijitazama kwenye kioo naona mpiga masumbwi."

"Wewe ni fundi wa nguo," nikamwambia. "Mteja akikuletea gauni la dukani linalompwaya, unamwambiaje?"

"Namwambia angekuja kupimwa tangu mwanzo."

Tukarudi. Daktari alijaza kisahani cha chuma uji mzito wa rangi ya waridi, akamwekea kinywani, akamwambia apumue kwa pua. Ulipokauka ukatoka na alama za meno yake yote. Wiki mbili baadaye tukaonyeshwa sanamu ya meno ya dada iliyotengenezwa kwa plasta, na juu yake kinga ngumu, angavu kama kioo. Daktari akamvalisha, akamng'atisha karatasi ya rangi inayoacha alama, akasugua palipozidi, akamng'atisha tena. Dada alifuata kila hatua kwa jicho la fundi.

"Hapo kushoto bado panabana," alisema.

"Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe, mama," daktari akajibu, akasugua tena.

Siku ile nilimrudisha mpaka kwenye chumba chake cha kushonea. Alikaa nyuma ya cherehani, kijaluba cha kinga kikiwa mezani kati ya bobini na chaki. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikamweleza yote, kuanzia changarawe mpaka beseni.

Alikasirika kwanza. "Watu wawili mmenificha taya langu mwenyewe. Miaka yote hiyo. Na wewe siku ile ya kwanza ulikaa pale mbele ya daktari, kimya kama mtungi."

"Nilikosea, dada."

"Ulikosea." Akaokota kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua. Kisha akauliza, "Mkono gani?"

"Alinionyesha kwa wa kulia."

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa naamka nasikia harufu ya tapentaini, ile ya kuoshea rangi, shavuni. Nilimgombeza, bwana wewe, hunawi mikono kabla ya kulala? Anasema, nitanawa, mke wangu. Kila mara, nitanawa." Alilia kidogo, bila sauti, nami nikasogeza kiti changu karibu yake.

Ilikuwa imepita miezi minne alipoitwa kuangaliwa tena. Maumivu ya kichwa yalikuwa yamepungua, yakabaki ya siku mojamoja. Daktari aliinua kinga kwenye mwanga, ikawa imejaa mikwaruzo. "Hii ndiyo inayoumia badala ya meno," alisema. Dada akaitazama kwa muda, akaifuta na kuirudisha kijalubani mwake.

Tangu shemeji afariki, dada alikuwa hataki tumtaje. Ukianza tu, anauliza kama umekula. Siku hizi huanza mwenyewe. Juma lililopita nilimkuta akitarizi kola, akanisimulia siku shemeji alipopaka kuta za jikoni kwao rangi ya kijani iliyobaki kwenye kazi ya shule, bila kumuuliza, akasimama mlangoni na brashi mkononi akisubiri sifa.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia ni nzuri," dada akasema. "Ilikuwa mbaya sana."