Nani Anamlisha Mwenyekiti?

Mimi ni dereva wa watalii, na simwamini mtu anayecheka ovyo. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, naye ni dereva pale pale kambini, na kucheka ndiyo kazi yake ya pili. Kwa hiyo Mwenyekiti alipoanza kuvamia magari, mimi sikuhangaika kutafuta mchawi.

Mwenyekiti ni nyani dume, mkubwa, sikio moja limechanika. Zamani alikuwa na adabu zake. Nilikuwa nawaambia wageni, mkiona anapiga miayo msidhani ana usingizi, anawaonyesha meno ili mjue mipaka, na wote tulielewana. Mwezi ule akaanza kuning'inia madirishani. Akamkwaruza mkono bibi mmoja mgeni akimpokonya mkate. Meneja akasema likitokea tena ataitwa askari wa wanyamapori, aje na bunduki.

Roho iliniuma jamani. Nyani haamki tu asubuhi akajua kwamba ndani ya gari kuna chakula. Lazima kuna mtu anampa. Na nani kama si Shemeji, ambaye wageni wake kila siku wanarudi na picha za nyani kwa karibu hadi unaona kope?

Nikaanza upelelezi. Ndizi zake za mchana nilizihesabu akitoka, na maganda nikayahesabu akirudi. Koti lake likiwa limetundikwa jikoni, nilipekua mifuko yote, nikapata ganda moja la karanga. Nikamwonyesha mume wangu, akaniuliza tangu lini karanga imekuwa kosa. Damu nzito kuliko maji, nikamwambia, we mtetee tu mdogo wako. Shemeji mwenyewe nilipombana alicheka, akasema nyani wanampendea sura. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, nikaenda kwa meneja na ganda langu la karanga. Shemeji akasimamishwa kazi siku ile ile.

Siku ya nne, Shemeji akiwa amekaa kwao, Mwenyekiti aliingia kwenye gari lenye watoto. Hakuna aliyeumia, ila askari aliitwa. Akakuta kundi lina madume wanane, yeye hamjui hata mmoja, akaomba nimpeleke mimi ninayewajua kwa sura. Moyoni nilishapanga: nitasema simwoni.

Kundi tulilikuta kwenye kona ya mwisho kabla ya geti, karibu na vyoo. Nikazima gari, nikafungua mlango. Mwenyekiti akashuka kwenye jabali peke yake, akaja moja kwa moja, akaketi mlangoni kwangu. Midomo anaichezesha haraka haraka, salamu ambayo nyani humpa anayemjua.

Kona hiyo ndipo ninaposimama kila jioni. Wageni wakienda chooni, mimi nakung'uta mazulia ya gari, kwa sababu makombo yakifika kambini yanaleta siafu, nami sitaki kusemwa mchafu. Vipande vya mkate, biskuti, maganda ya matunda, miaka minne. Sikuwahi kuona kwamba huko ni kulisha. Mimi nilijiona msafi.

"Ni huyu?" askari akauliza, sauti chini.

"Aliyemlisha ni mimi," nikasema. "Shemeji yangu nimemsingizia. Na huyu naye hana kosa."

Askari alikuwa mtu mpole. Akasema hayo ya shemeji nikamwambie meneja, nifanye haraka, lakini amri aliyopewa yeye ni ya nyani. Akashuka upande wa pili na bunduki yake.

Nikaegemea honi kwa mikono miwili. Majike wakabeba watoto wao, madume saba wakatimua mbio, kundi zima likatokomea nyuma ya majabali. Mwenyekiti alibaki pale pale mlangoni, ananitazama, anangoja mazulia. Askari hakuniuliza mara ya pili.