Mwigizaji Aliyeomba Kukosolewa

Tangu nianze kuchambua filamu redioni, nimeombwa sifa na watu wa kila aina. Wenye kumbi za video wameniletea soda. Kijana mmoja aliyepiga filamu ya mapenzi kwa simu alimtuma mama yake aje kunibembeleza. Lakini aliyewahi kuniomba nimponde ni mmoja tu, naye ni Erot, dalali wa mbuzi pale sokoni Isiolo.

Aliningojea mlangoni pa kituo siku ya Jumamosi, kipindi changu kikiwa karibu kuanza. Alikuwa amevaa shati safi na uso wa mtu aliyefiwa.

"Dada Waithera, leo nisaidie. Sema nimeigiza vibaya."

"Nani amekuambia umeigiza vibaya?"

"Wewe sema tu. Sema nilikuwa kama mti. Sema hata mbuzi zangu ziliigiza kunishinda."

Ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, kampuni kubwa ya filamu kutoka ng'ambo ilikuja na malori na helikopta, ikapiga kambi karibu na Ngaremara. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kijasusi iliyoitwa Ufunguo wa Radi, na gharama yake, walivyojisifu wenyewe, ingetosha kuweka lami hadi Sericho na chenji ibaki. Walihitaji mchungaji wa sehemu moja fupi. Wakamwona Erot akipita na mbuzi zake, wakamchukua. Katika sehemu hiyo anamkuta jasusi amezimia kwa kiu. Anampa maziwa kwenye kibuyu, anamlaza kivulini, kisha anakwenda kumuuza kwa maadui wanaomsaka.

Filamu ilipofika kwenye ukumbi wa Dullo kule Chechelesi, mji mzima ulijaa humo. Mzee Emanikor alitoka Ngaremara na ndugu zake, akaketi mbele kabisa. Yeye ni baba ya Achuka, msichana ambaye Erot alikuwa amekubaliwa kumwoa, na alikuja kumtazama mkwewe kwa fahari. Erot wa kwenye pazia alipoonyesha kwa kidole mahali mgeni wake alipolala, mzee alisimama, akaokota kigoda chake na fimbo, akatoka. Ndugu zake wakamfuata. Kesho yake ujumbe ukaja kwamba mazungumzo ya mahari yamesimama.

Msicheke. Kuna waliocheka mjini, wakasema mzee hajui filamu ni kitu gani, na mimi niliwakasirikia. Emanikor anajua vizuri sana kwamba jasusi yule hakufa na kwamba yale maneno yaliandikwa na mtu mwingine. Alichosema ni kwamba maneno unaweza kupewa, lakini uso ni wako. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakafungua duka hapa, kwa hiyo sina hata mbuzi mmoja wa kuchunga, ila nimezaliwa Isiolo na ninajua mgeni uliyempa maziwa ni mtu wako. Ukimgeuka huyo, hakuna usiyeweza kumgeuka.

Sasa Erot alikuwa amepiga hesabu zake. Bei za mifugo husomwa redioni mara tu kipindi changu kinapoisha, kwa hiyo wazee hunisikiliza wapende wasipende. Nikisema ameigiza vibaya, Emanikor atajua kwamba kijana huyu hata akifundishwa kudanganya hawezi.

Nina hasira za karibu, na hapo zilinipanda. Nilimwambia neno langu haliuzwi, na kwamba nikidanganya leo, kesho nikiisifu filamu hakuna atakayeniamini.

"Ni sawa," alisema. "Wewe utapoteza kipindi. Mimi nitapoteza Achuka."

Akaenda kusimama nje ya kioo cha studio, penye spika ya matangazo. Mimi nikaingia, nikavaa vipokea sauti, na Hirbo, fundi wetu wa mitambo, akaniashiria nianze.

Nilianza na wahakiki wa magazeti ya Nairobi. Walikuwa wameisifu filamu ile kwa sababu ya moto mwingi, helikopta nyingi na gharama kubwa. Mmoja aliipa nyota nne. Nilisema mimi sitoi nyota, maana Isiolo tunazo tele na ni za bure. Mimi huuliza kama hatari inauma. Yule jasusi anaruka kutoka kwenye helikopta hadi juu ya lori, na shati halitoki ndani ya suruali. Anakimbia tambarare ya Ngaremara saa saba mchana kwa koti na tai, na hatoi jasho hadi pale mwandishi anapomhitaji azimie. Hatari isiyotoa jasho ni mazoezi tu. Na yule adui mkuu anayetaka kuichoma nusu ya dunia, hatuambiwi hata mara moja dunia ilimkosea nini. Nikasema fedha zile zote zimenunua kelele, na kelele tunazo hapa stendi kila asubuhi.

Hirbo alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nimenoga.

Kisha nikafika kwenye sehemu ya Erot, nikainua macho. Alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesali. Iliniuma, nasema wazi. Nampenda kijana yule, na sentensi moja ya uongo isingeniua.

Nikasema, "Katika filamu nzima, aliyeigiza ni mmoja, na anauza mbuzi hapa sokoni kwetu."

Nikaeleza nilichokiona. Anavyoshika kibuyu kwa mikono miwili na kungoja mgeni anywe hadi atosheke. Anavyomfuta midomo kwa upole. Halafu anavyotabasamu, hapepesi macho, na sauti inalainika kama siagi. Erot tunayemjua hawezi kumaliza bei bila kucheka, na mbuzi akiwa kilema atakuonyesha ule mguu mwenyewe kabla hujauliza. Yule wa kwenye pazia ametulia kama maji mtungini. Nilisema nilipomtazama nilimchukia, mimi ninayemjua, na kwamba hakuna yeyote mwingine katika filamu ile aliyenifanya nihisi chochote.

Pale kwenye kioo, Erot aliegemeza paji la uso wake na kufumba macho.

Hirbo akafungua simu za wasikilizaji. Ya kwanza ilitoka Ngaremara.

"Habari ya hapo," sauti ilisema. "Mimi ni Emanikor."

"Nzuri, mzee. Karibu hewani."

"Umesema huyu kijana anajua kudanganya."

"Nimesema anajua kuigiza, mzee."

"Kwa uso wake. Kushinda wale wazungu wote."

"Kuwashinda wote."

"Basi umemaliza maneno. Sasa mimi nitapatia yeye msichana aje? Siku akidanganya huyu mtoto wangu, atajua aje?"

Swali lilikuwa la haki. Hirbo alinitazama. Nilijua kwamba ukweli wangu ndio uliompa mzee kisu.

Ndipo tukasikia vishindo kwenye simu, kama watu wawili wanaogombania simu moja, na sauti ya mwanamke ikaja.

"Baba, wacha hiyo nijibu mimi. Waithera, ni Achuka."

"Sema, Achuka."

"Mimi niliangalia hiyo filamu mara mbili. Siku ya kwanza nililia, nikasema baba yuko na haki. Nikarudi kwa Dullo, nikaangalia uso ya Erot peke yake. Ni vile umesema. Hiyo macho haipepesi. Hiyo sauti ni laini. Nikajiambia, kumbe Erot akidanganya anakaa hivi." Alivuta pumzi. "Baba, nimejua Erot miaka tatu. Amenikasirikia, ameniangalia na aibu, ameniangalia akiwa mgonjwa. Na hiyo uso ya filamu hajawahi kuniangalia nayo, hata siku moja. Wasichana wengine wanaolewa na hawajui bwana yao akidanganya anakaa aje. Mimi nimeonyeshwa mapema. Siku akikuja na hiyo uso kwa nyumba yangu, nitaijua akiwa bado mlangoni."

Hirbo alikuwa ameondoa mikono kwenye mitambo. Muda wa bei za mifugo ulikuwa umefika na kupita, na nina hakika kuanzia Ngaremara hadi Sericho hakuna mzee hata mmoja aliyeziulizia.

"Mama wa redio, uko?" Ilikuwa sauti ya Emanikor tena.

"Niko, mzee."

"Huyo kijana anasikia?"

Nilimtazama Erot. Alikuwa amebandika sikio kwenye spika, machozi yanamtiririka, na hakujaribu kuyaficha.

"Anasikia."

"Mwambie akuje. Akuje na wazee wake," alisema Emanikor. "Na hiyo uso ingine aiache huko kwa wazungu."