Shahidi wa Ukoo kwa Daktari

Wakwe zangu si watu wa kukurupuka. Kabla ya kumtafutia mume wangu mke wa pili, waliamua kutuma shahidi aingie nami kwa daktari, asikie kwa masikio yake kwamba mimi ni mgumba, mtu asije akasema nimeonewa. Haki lazima itendeke. Shahidi mwenyewe ni wifi yangu, binti wa kuposwa mwezi ujao, ambaye mdomo wake hauna breki. Mume wangu alisema tusubiri ripoti. Shujaa huyo.

Kwa miaka minne ya ndoa nilikuwa nimetibiwa na kila mtu isipokuwa daktari. Mama mkwe alinipa mizizi, jirani alinipa maombi, na wifi, kwa huruma zake, alinipa jina: Mjomba, kwa ajili ya ndevu zangu tatu. Siku zangu za mwezi nazo zilikuja zikijisikia. Niliumia, sikatai. Kazi yangu ni kushona sare za shule, na nyingine zilitoka na machozi yangu.

Daktari akatazama picha ya altrasaundi.

"Homoni zako zimevurugika, mayai hayapevuki vizuri. Ndiyo maana hedhi inaruka. Ndevu, chunusi, shingo kuwa nyeusi, kunenepa, mara nyingi vinatokana na hilo hilo."

Wifi akavuta mtandio, akafunika shingo.

"Atazaa?" akauliza.

"Wengi wanazaa. Ugonjwa huu hauponi kabisa, lakini unadhibitika: chakula, mazoezi, vidonge. Tutapima na sukari. Akiwa tayari kwa mtoto, kuna dawa za kupevusha mayai."

"Na kama mtu hajaolewa, na siku zinaruka?"

"Miezi mingapi?"

"Mitano," akajibu, akasahau kusingizia rafiki.

Akaandikiwa vipimo vyake papo hapo, na jioni tulitoka na majibu mawili yanayofanana. Nilikuwa na kicheko cha miaka minne kifuani. Nikakimeza, maana wifi alikuwa anaikunja karatasi yake ya majibu, anaikunjua, anaikunja tena.

Nyumbani mama mkwe alikuwa sebuleni na mashangazi wawili, chai imeshamiminwa, mke mpya ameshachaguliwa.

"Haya, shahidi. Tuambie."

"Mama, ni ugonjwa, na dawa zipo."

"Ugonjwa gani huo? Kwenye ukoo wetu haupo."

Wifi akanitazama, kisha akawageukia mashangazi.

"Upo," akasema. "Ninao mimi."