Sanda ya Mwanne

Haya aliniambia Sumaya, jirani yangu hapa Buyenzi, mwezi wa saba mwaka 2003, tukichambua maharage, wiki ileile mizinga ya vita iliponyamaza.

Mama yake, Mwanne, alipooza miguu na mikono. Risasi zikianza, wote walikimbilia uani kwa jirani yao Térence, kwenye stoo yake ya matofali. Mwanne nani ambebe? Mwanamume pale nyumbani ni Seifu peke yake, mume wa Sumaya, fundi wa magari.

"Mama, panda mugongoni."

"Apana! Mi nipande mugongo ya mukwe wangu? Afazali risasi."

Siku hiyo akabaki, na risasi ikatoboa mlango juu ya kichwa chake. Kesho yake Seifu akaanza kuunda gari.

Alichukua kiti, magurudumu ya baiskeli za watoto, betri, na mota mbili zile za kufuta mvua kwenye kioo cha gari. Chini akafunga taa ndogo na vijicho viwili alivyotoa kwenye taa za barabarani zilizoanguka, vile vinavyojua giza na mwanga. Basi gari likafuata mstari mweupe lenyewe, bila mkono wa mtu. Mbele akatia fimbo. Ikigusa ukuta, gari linasimama. Kuliwasha ni kwa kidevu tu. Mi niliishia darasa la tatu, lakini akili kama ile naijua nikiiona.

Akachora mstari wa chokaa toka kitandani mpaka ndani ya stoo. Jioni likaenda vizuri. Alfajiri Sumaya akafanya kile tunachofanya wote: akafagia uwanja. Mwanne alipowasha tena, gari likamwingiza kwenye banda la kuku.

"Seifu," akasema, manyoya kichwani, "unanipeleka kwa Térence ao kwa jogoo?"

Sumaya akacheka mpaka akalia. Aache kufagia? Wageni wangesema nini?

"Fungua sanduku langu," Mwanne akasema. "Toa sanda yangu, muichane."

"Mama!"

"Inaningoja bure mule ndani."

Wakaichana mikanda mirefu, wakaipigilia chini kwa misumari. Ile, ukiifagia, ndiyo inazidi kuwa nyeupe.

Jumatatu saa nne asubuhi mizinga ikalia. Sumaya akatangulia na mtoto wao. Mwanne akabonyeza kwa kidevu. Gari likatambaa taratibu juu ya sanda, kama mtu anayekwenda kuona mgonjwa. Seifu akafuata nyuma, mikono mgongoni, hakuligusa.

"Kimbia, we! Utakufa!" Mwanne akapaza sauti.

"Nikupite mbele, Mama? Apana."

Risasi ikachubua ukuta. Gari likaingia stoo, fimbo ikagusa matofali, likasimama. Térence akafunga mlango.

Alasiri kukawa kimya. Térence alikuwa ameshasinzia, mtoto akalala, Sumaya akalala.

"Lala, mwanangu," Mwanne akamwambia Seifu. Miaka yote alimwita mukwe tu.

Seifu akazima taa ya chini, betri isiishe, akaegemeza kichwa kwenye gurudumu. Mwanne akasikiliza pumzi zake mpaka zikawa nzito, kisha naye akalala kitini pake.